Kabla Virunga Haijawa Jina la Orkesta

Katikati ya miaka ya 1970, kijana wa Kinshasa aliyetaka kufika Nairobi na hakuwa na nauli ya ndege alianza kwa boti hadi Kisangani, kilomita zipatazo 1,700 za mto. Kutoka hapo barabara iliingia msitu wa Ituri, ikapita Bafwasende na Mambasa, ikafika Komanda, kisha ikageuka kusini hadi Beni. Beni alichagua. Njia moja ilikata mashariki, kilomita themanini hivi hadi Kasindi, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na Mpondwe na barabara ya Kasese. Nyingine iliendelea Butembo, ikavuka ikweta kabla ya Lubero, ikapanda hadi Kanyabayonga, ikateremka Kabasha hadi uwanda wa Rwindi. Ukifika Rutshuru, ulitokea Uganda kwa Ishasha au kwa Bunagana.

Njia hizo zilifunguliwa na kahawa, dhahabu, maharage, mboga na samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge. Wafanyabiashara wa Butembo walijua kila daraja bovu na kila kizuizi cha askari. Mwanamuziki alizifuata kwa sababu ile ile inayomfanya muuza chai asimame karibu na stendi: hapo ndipo wanapopita wenye pesa. Na pesa ilikuwepo. Baridi iliyochoma mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani kwa miaka miwili mfululizo, na mji wa kahawa ukipata pesa haukosi baa, na baa haikosi kutafuta watu wa kuipigia muziki.

Miongoni mwa waliogeuza uso mashariki katika miaka hiyo alikuwa Samba Mapangala. Alizaliwa Matadi, mji wa bandari upande wa pili kabisa wa nchi, akaimba Kinshasa katika vikundi vya vijana kama Super Bella Bella na Super Tukina. Baadaye jina lake lingejulikana Kenya nzima, na sauti yake nyembamba, tulivu, ingetambulika redioni kabla mtangazaji hajamtaja. Lakini kabla ya safari hiyo alikuwa mwimbaji mmoja kati ya mamia, katika mji ambao waimbaji walikuwa wengi kuliko vipaza sauti.

Kinshasa ilikuwa imejaa. Kileleni walikaa Franco na T.P. OK Jazz, Tabu Ley na Afrisa. Verckys Kiamuanganda alikuwa na studio, lebo na vyombo, na vikundi kadhaa vya vijana vilikulia chini ya mbawa zake. Mwaka 1974, baada ya Mobutu kutaifisha mali za wageni, kiwanda cha MAZADIS kilichotengeneza santuri kilikabidhiwa kwa Franco. Kijana mwenye wimbo mzuri aliikuta milango yote ya kurekodi mikononi mwa watu ambao pia walikuwa washindani wake.

Mnamo Septemba mwaka huo huo, ulimwengu ulihamia Kinshasa kwa siku tatu. Kuanzia tarehe 22 hadi 24, James Brown na B.B. King walipanda jukwaa la uwanja ambao baadaye Muhammad Ali alimwangusha George Foreman, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba. Kamera za Marekani zilijaa. Kwa wakubwa wa Kinshasa hilo lilikuwa tangazo la kimataifa. Kwa vikundi vya mitaani halikubadilisha kitu: kamera zilipoondoka, foleni ya kungoja studio ilibaki pale pale, na baadhi ya waliokuwa ndani yake walianza kuulizia nauli ya boti.

Mpenzi wa rock atauliza muziki wake uko wapi katika habari hii. Jibu lilikuwa tayari Kinshasa tangu tarehe 24 Desemba 1969, siku ilipoanzishwa Zaiko Langa Langa. Vijana hao waliachana na tarumbeta na saksafoni za wakubwa wao, wakabaki na magitaa ya umeme, ngoma za kisasa na waimbaji waliojipanga mbele kama safu ya washambuliaji. Wazee walilalamika kwamba ni kelele. Mpiga ngoma wao, Meridjo Belobi, ndiye anayesifiwa kwa mdundo wa cavacha, na masimulizi ya bendi yenyewe yanasema mdundo huo ulizaliwa safarini, wakiwa ndani ya treni upande wa Kongo-Brazzaville, wakisikiliza magurudumu yakigonga maungio ya reli. Miaka michache baadaye, mdundo huo ulikuwa umefika Nairobi, ukichezwa na watu waliosafiri nao mfukoni.

Kuelekea mashariki kulikuwa na historia yake. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alifika Nairobi mwaka 1959 na gitaa lake la mbao. Kilichomweka mjini ni matangazo ya redio ya dawa ya Aspro. Mwenzake Edouard Masengo naye alipata riziki Nairobi kwa kuiimbia Coca-Cola. Hivyo Wakongomani wa mwanzo walioteka masikio ya Kenya waliingia nyumba za watu wakiuza vidonge vya kichwa na soda. Wapiga gitaa wa Kenya waliwasikiliza, wakajifunza kuchuna nyuzi kwa vidole viwili, na njia ikabaki wazi kwa watakaofuata.

Mapangala na wenzake hawakwenda Nairobi moja kwa moja. Walikaa kwanza Uganda, na huko ndiko kikundi chao kilipojulikana kwa jina la Les Kinois. Uganda ya wakati huo ilikuwa ya Idi Amin. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, maduka yalikuwa matupu, biashara yote ya maana ilipita magendo. Hata Ziwa Edward, ambalo wavuvi wa Lubero na Beni wanalitazama kila asubuhi, lilikuwa limepewa jina la Amin tangu 1973. Na bado Kampala ilikuwa na baa, na ndani ya baa kulikuwa na watu waliotaka kucheza hadi alfajiri kwa kuwa kurudi nyumbani usiku kulikuwa na hatari kuliko kukesha.

Fikiria kazi yenyewe. Bendi inaingia mji ambao haina shabiki hata mmoja. Watu wamekuja kunywa, hawakuja kuisikiliza. Nusu ya maneno yanayoimbwa hawayaelewi. Mwenye baa anataka chupa ziishe, basi hataki wimbo unaomtuliza mtu hadi asinzie. Umeme ukikatika, ngoma na sauti ndivyo vinavyobaki. Kinshasa jina la mwimbaji lilimtangulia, na watu walikuja wakijua nyimbo. Kampala hakuna aliyejua lolote, na kila usiku ulianza upya. Kikundi kilichopita shule hiyo kilijifunza upesi wapi pa kurefusha sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, wakati gani wa kuishusha, na namna ya kuwatoa watu vitini bila kuwaambia neno.

Mwaka 1977 Les Kinois walihamia Nairobi, na mwaka huo kanda nzima ilikuwa inayumba. Tarehe 10 Januari volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, ziwa lake la moto likamwagika kwa muda mfupi na kuua watu vijijini kaskazini mwa Goma. Mnamo Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo. Mpaka ule haukufunguliwa hadi mwaka 1983, na kwa wanamuziki wa Kongo maana yake ilikuwa dhahiri: mara nyingi aliyeingia Kenya alibaki Kenya, aliyeingia Tanzania alibaki Tanzania. Ndiyo maana muziki wa Kongo katika Afrika Mashariki una miji mikuu miwili, Nairobi na Dar es Salaam, na kila mmoja ulilea watoto wake.

Nairobi ilikuwa na kitu ambacho Kampala haikuwa nacho: studio, kiwanda cha kuchapa santuri na msururu wa maduka ya muziki kuanzia River Road. Bendi iliweza kupiga Jumamosi na kurekodi Jumatatu. Lakini santuri ndogo ilikuwa na pande mbili za dakika chache, ilhali wimbo wa ukumbini ulikuwa mrefu. Wimbo ukakatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Wateja wengi walinunua kwa ajili ya upande wa pili.

Les Kinois walisambaa, na mwaka 1981 Mapangala akaanzisha bendi mpya iliyoitwa Orchestra Virunga. Mtu wa Matadi alikuwa ameichukua milima ya Kivu, ile inayoonekana na kila anayepita kati ya Goma na Rutshuru, akaiweka kwenye bango la kilabu cha Nairobi. Bendi ikakaa Starlight, moja ya kumbi zilizosifika kuliko zote mjini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoa Malako, albamu ya nyimbo chache na ndefu, zilizoacha nafasi ya kutosha kwa magitaa na saksafoni. Mwaka 1990 lebo ya Earthworks ikakusanya nyimbo za wakati ule na kuziita Virunga Volcano. Wakati huo msikilizaji wa London aliijua Virunga kuwa ni muziki kabla hajaijua kuwa ni hifadhi ya gorila. Mapangala mwenyewe hakulisahau deni hilo: baadaye alitunga wimbo kuhusu gorila wa milimani.

Ukisikiliza Malako unausikia usiku wa Kampala na wa Starlight ndani yake. Hakuna haraka. Mwimbaji anaingia, anasema lake, anaondoka, na magitaa yanachukua nafasi bila kugombana. Kiswahili kinaingia katikati ya Kilingala bila kubisha hodi. Huo ni ufundi wa watu waliopiga mbele ya Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Wahindi na Wazungu chini ya paa moja, wakatambua kwamba kila kundi lina sehemu ya wimbo inayoligusa, nao hawawezi kumwacha yeyote kando ya ukuta.

Mfano wa namna hii uko pia Ulaya, na wapenzi wa rock wanaujua. Mnamo Agosti 1960, vijana watano wa Liverpool ambao hakuna aliyewajua walipelekwa Hamburg, Ujerumani, kupiga katika kilabu cha Indra. Mkataba uliwataka wapige saa nne na nusu siku za kazi na saa sita Jumamosi, mbele ya mabaharia walevi wasiojua Kiingereza. Nyimbo zao ziliisha upesi, wakalazimika kuzirefusha na kukopa za wengine. Walirudi Hamburg mara kadhaa, na wimbo wao wa kwanza chini ya jina la The Beatles ulitoka Uingereza mnamo Oktoba 1962. George Harrison alifukuzwa Ujerumani mnamo Novemba 1960 kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 17, hana haki ya kufanya kazi usiku. Msomaji wa Butembo atatabasamu akisikia kwamba hata The Beatles walikwamishwa na karatasi.

Karatasi ndizo zilizowakwamisha Wakongomani kuliko muziki. Kibali cha kazi kilikuwa cha muda, na kilitolewa kwa bendi yenye mwenyeji wa kuidhamini. Wanamuziki wa Kenya nao walinung'unika kwamba wageni wanachukua kumbi zao, na malalamiko hayo yalikuwa na ukweli wake. Bendi moja ilipofungiwa, wapigaji wake walitawanyika, wakaibuka mwezi uliofuata kwa jina jingine. Orodha za majina ya bendi za Nairobi za miaka hiyo zinachanganya kwa sababu hiyo: si kwamba wanamuziki walikuwa wengi sana, ila watu wale wale walijipanga upya kila mara.

Super Mazembe ni mfano mzuri. Ilianzia Katanga mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos, ikapitia Zambia na kufika Nairobi mwaka 1974. Ilipobadili jina ilichukua la mashine za kuchonga barabara, na bila shaka wasafiri wale walikuwa wamezitamani njiani. Miaka saba ilipita kati ya kuanzishwa na kufika mji uliowapa jina.  Walikuwa bendi ya hapa leo, kule kesho.

Wimbo wao Kasongo, ulioimbwa kwa Kilingala, unaimbwa Kenya na watu wasioweza kuutafsiri. Ni mke anayemwomba mumewe arudi nyumbani. Shauri Yako, ambao Mazembe waliueneza kuliko bendi nyingine yoyote, haukuwa wao: ulitungwa na Nguashi Ntimbo wa Festival du Zaïre. Bendi ya safari haioni aibu kubeba wimbo wa mwingine endapo ukumbi unaudai. Super Mazembe ilivunjika mwaka 1985. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, vijana wa Kenya ambao hawakuwa wamezaliwa bendi hiyo ilipokufa walimbatiza Rais William Ruto jina la Kasongo, na wimbo ukarudi kila kona, kwenye simu na kwenye matatu.

Kuna jambo jingine ambalo wanamuziki wa enzi hizo hulitaja mapema kuliko nyimbo, nalo ni vyombo. Gitaa la umeme bila ampli ni ubao. Ampli, spika, ngoma, vipaza sauti na jenereta vilikuwa na bei ambayo mpigaji wa baa hangeweza kuifikia kwa mshahara wa miaka. Basi karibu kila bendi ilikuwa na mtu nyuma yake, mfanyabiashara au kiongozi mwenye mtaji, na huyo ndiye aliyeamua bendi ipige wapi, ivae nini na iitwe nani. Siku wanamuziki walipogombana na mwenye vyombo, waliondoka na mikono yao tu, na yeye akabaki na jina, akaajiri wengine.

Kwa hiyo bendi nyingi zilizaliwa kwa kuhama. Baba Gaston, yaani Ilunga wa Ilunga, alitoka Katanga, akapiga Dar es Salaam, kisha akaja Nairobi na Baba National katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 kundi la wanamuziki wake, miongoni mwao Bwamy Walumona na Kabila Kabanze Evany, lilijitenga na kuanzisha Les Mangelepa. Baba Gaston naye hakuzimika, aliendelea kurekodi. Kugawanyika kwao kuliwaumiza wahusika, lakini Nairobi ilipata bendi mbili mahali pa moja.

Tanzania ilikuwa na utaratibu wake. Huko vyombo vilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lilikuwa na zake, na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam likawa na DDC Mlimani Park mwaka 1983. Mwanamuziki alipokea mshahara kama karani. Mgeni kutoka Kongo hakuwa na taasisi ya kumkumbatia. Orchestra Maquis du Zaïre, iliyotokea Kamina na kuweka kambi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya Chinyama Chianza, ilitafuta njia yake: ikajisajili kuwa kampuni, OMACO, ili vyombo na mapato yawe ya wapigaji wenyewe. Katika kumbukumbu za muziki wa dansi watu husimulia staili zake za kucheza. Uamuzi wa kuwa kampuni hausimuliwi sana, ingawa ndio ulioiwezesha kudumu.

Kisha kuna Remmy Ongala, ambaye Kivu ina haki ya kumdai. Alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, wakati Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Mkoa huo mkubwa uligawanywa sehemu tatu mwaka 1988 tu. Alibaki yatima mapema, akajifunza gitaa na ngoma bila mwalimu, na kuanzia mwaka 1964 akazunguka na vikundi vidogo, vikiwemo Success Muachana na Grand Mickey Jazz. Hizo zilikuwa bendi za hoteli na baa za mikoani, zile zinazolala kwenye benchi la ukumbi baada ya kupiga. Mwaka 1978 mjomba wake Makassy alimwita Dar es Salaam. Mjomba alipohamia Nairobi, Remmy akaingia bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo, Matimila.

Dar es Salaam ilimpenda kwa sababu aliimba juu ya kifo, umaskini, kodi ya nyumba na mapenzi ya watu wasio na kitu, kwa Kiswahili kilichoeleweka na kila mtu sokoni. Hata kituo cha basi cha Sinza kimeitwa Kwa Remmy. Kilichompeleka mbali zaidi ni kanda ya kaseti aliyomkabidhi rafiki Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Kanda hiyo iliwafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, wakamwalika mwaka 1988, na mwaka huo huo wakatoa Nalilia Mwana. Studio ya Real World ikatoa Songs for the Poor Man mwaka uliofuata na Mambo mwaka 1992. Tangu vikundi vya ujana wake hadi jukwaa la Ulaya ilikuwa imepita miaka 24. Aliyemwona Uingereza alidhani amegundua kipaji kipya. Alikuwa anamtazama mtu aliyeshamaliza shule ndefu kuliko ya daktari.

Zikiwekwa pamoja, njia za Mapangala, Mazembe, Maquis na Remmy zinaonyesha kwamba miaka ya kutojulikana haikuwa chumba cha kusubiri. Ndani yake ndimo sauti ya kila bendi ilimotengenezwa. Virunga isingekuwa na subira ile katika sebene bila wasikilizaji ambao hawakuwa na sababu ya kuivumilia. Maquis isingefikiria kampuni kama isingekuwa mgeni asiye na taasisi. Na Remmy asingejua kuzungumza na maskini kwa kiwango kile kama asingelala nao ukumbini. Pia zinaonyesha upande wa pili: kwa kila bendi iliyofika, nyingine zilivunjika njiani, na mara nyingi si kwa kukosa kipaji. Jenereta iliungua, kibali kiliisha, mwenye vyombo alibadili mawazo.

Kivu Kaskazini ya leo ina njia fupi zaidi za kufika kwenye umaarufu. Innoss'B alizaliwa Goma mwaka 1997, akaanza utotoni na kaka zake katika kundi la Maisha Soul, na mwaka 2010 akashinda shindano la Vodacom Superstar akiwa na miaka 13. Nchi nzima ilimwona kwa msimu mmoja. Mwaka 2019 wimbo wake Yope, ukiwa na Diamond Platnumz, ulivuka mipaka ambayo Les Kinois waliivuka zamani.

Kwa bendi ya magitaa ya Butembo au Beni hali ni ngumu zaidi. Muziki wa jukwaani huishi usiku, na usiku ndicho kitu ambacho eneo hili limenyang'anywa. Mauaji ya Beni yalianza mwaka 2014. Ebola iliyotangazwa Mangina mnamo Agosti 2018 ilidumu hadi Juni 2020. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Kivu Kaskazini na Ituri mnamo Mei 2021. Mnamo Juni 2024 Kanyabayonga ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na barabara ya kusini kuelekea Goma, ile ya Kabasha na Rwindi, ikawa si ya kupitisha spika. Kijana anaweza kupandisha video leo saa sita na ikatazamwa Brussels saa saba, lakini hawezi kupata usiku thelathini mfululizo mbele ya watu wasiomjua.

Njia ya mashariki bado ipo. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilianza mradi wa kilomita 223 za barabara: 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo na 89 kutoka Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Ramani hiyo ni karibu ile ile ya orkesta za miaka ya 1970, ila safari hii mpango ni wa lami. Kampala iko umbali wa siku moja kwa basi, ina kumbi, na Kiswahili kinasikika huko zaidi kuliko zamani. Bendi itakayopita Kasindi itahitaji vibali vya kila mpigaji kabla ya kufunga virago, vyombo vyake yenyewe hata kama ni viwili vitatu, nyimbo za kutosha kwa saa tano, na mwenye ukumbi atakayekubali mkataba wa mwezi mzima badala ya tamasha la usiku mmoja.

Les Mangelepa walitoa albamu ya Last Band Standing mwaka 2017, miaka 41 baada ya kumwacha Baba Gaston, wakazunguka nayo Ulaya. Mbele ya wasikilizaji wale wengi walikuwa bendi ngeni, na nyimbo walizopiga zilikuwa zile zile za kumbi za Nairobi.